Siku saba Pemba: makumbi, ukili na mafuta ya nazi

Wengi mmeniuliza Pemba nilifuata nini wakati si sikukuu wala sikuwa na arusi. Nilifuata minazi. Baba katuachia kishamba Unguja Ukuu, minazi 14, miembe miwili na msufi mmoja, na kila baada ya miezi mitatu hivi mkwezi anaangua, nazi zinauzwa jumla palepale chini ya mnazi, makumbi, yale maganda ya nje, yanarundikwa nyuma ya banda, yakikauka tunayachoma moto, basi. Hela yenyewe inaishia kwenye umeme na unga wa ngano. Sasa bibi yetu mzaa baba alilea watoto sita kwa minazi hiyohiyo, hakuwa na duka wala kazi ya serikali, na mie muda mrefu nilikuwa najiuliza alikuwa akifanya kitu gani ambacho sie hatukifanyi. Keshatangulia mbele ya haki, na wakati yupo nilikuwa mdogo, sikumuuliza.

Ndo shoga yangu akanambia kuna bi mkubwa mmoja upande wa Konde anapokea watu wasiojua chochote, wanakaa kwake shambani wiki moja wanafundishwa kusokota kamba, kusuka ukili (ule mkanda wa miyaa unaoshonwa ukawa mkeka), kupika mafuta na sabuni, kila mtu anachangia chakula. Nkaomba likizo kazini nkaenda. Kila usiku nilikuwa naandika kwenye simu kabla chaji haijakata, nayaweka hapa kama yalivyo.

Siku ya kwanza, Jumamosi

Boti imeondoka bandari ya Malindi, Unguja, asubuhi. Bahari nzuri mpaka Nungwi, hapo ikaanza kutikisa kidogo, na mama niliyekaa naye akainua mikono akawaombea waliozama na meli ya Spice Islander mwaka 2011, nami nkaitikia amin, tukanyamaza mpaka mawimbi yakatulia.

Bandarini Mkoani nkapata gari ya Chake, Chake nkabadilisha ya Konde. Kwa asiyefika Pemba, usitegemee tambarare kama kwetu, ni vilima na mabonde mwanzo mwisho, juu mikarafuu chini mpunga, na huu mwezi wa kumi karafuu zimeanikwa kila mahali, harufu inaingia hadi ndani ya gari. Baba alikuwa akitwambia zamani Unguja nayo ilikuwa na mikarafuu ya kutisha mpaka kimbunga cha 1872 kikaiangusha, Pemba ikasalimika zaidi, ndo mana mpaka leo karafuu ni Pemba.

Nimefika inaadhiniwa magharibi. Bibi mwenyewe mwembamba, mrefu, kajifunga kanga kiunoni. "Shikamoo Bibi." "Marahaba mwanangu, bahari ilikuwaje? Ingia ndani, maji ya kuoga yapo." Tumekuwa wanafunzi tisa, wanawake saba na vijana wawili wa Wete. Baada ya chakula akatuuliza mmojammoja umekuja kutaka nini. Wenzangu wengi wakasema mikeka, mikoba, vitu vya kuuza mjini. Mie nkamwambia nna minazi 14 sijui nifanye nayo nini. Akaniuliza, "Iko mbali na pwani?" Nkamjibu hata dakika kumi kwa miguu hazifiki. Akatikisa kichwa, hakusema kitu.

Siku ya pili, Jumapili

Kufua nazi. Kifuo kimechimbiwa ardhini uani, ncha juu, unaishika nazi kwa mikono miwili unaikita kwa nguvu kisha unabinua upande, kumbi linaachia. Bibi anatumia mapigo matatu au manne kwa nazi moja, mie ya kwanza imenichukua robo saa. Kosa langu lilikuwa kukita katikati ya nazi, inatakiwa ukite karibu na kitako, usiguse kifuu, na nguvu yenyewe usiitoe mkononi, itoke mgongoni. Baada ya nazi ya saba mwili ukaelewa wenyewe.

Makumbi akatukataza kutupa hata moja, tuyaweke kivulini yasikauke, "kesho yana safari."

Mchana mbuzi tano kwa zamu, tumekuna nazi 20 mpaka mikono imekufa ganzi. Tui tumelikamua kwa kifumbu, na hapa niseme, mie nyumbani natumia chujio la plastiki miaka yote na leo ndo nimeona tofauti, kifumbu unakipindua kama unakamua nguo na chicha inatoka kavu kabisa, hakuna tui linalobaki ndani. Kuku wakala chicha. Tui tumelifunika kwa kawa, linalala, usiku cream yake inapanda juu.

Siku ya tatu, Jumatatu

Hii ndo siku niliyoijia Pemba bila ya kujua.

Alfajiri tumeengua ule utando mzito wa tui uliopanda, tukauweka kwenye sufuria juu ya moto wa makuti. Bibi kakaa kwenye kibao kafumba macho anasikiliza. Kwanza linachemka kwa sauti nzito, hayo ni maji bado yapo, halafu linaanza kupasuka pasuka vikali kama mvua juu ya bati, halafu taratibu linanyamaza. "Likinyamaza maji yamekwisha, epua, ukingoja zaidi mashapo yanaungua na mafuta yananuka moshi." Akaepua mashapo yakiwa rangi ya asali. Nazi 20 zimetoa kama lita moja na robo. Mashapo tumeyala na muhogo, matamu hayana mfano.

Saa tatu tukabeba makumbi yetu kwenye mapakacha tukashuka pwani. Leo bamvua, mwezi mpevu, na bamvua kwetu huku maji hukauka sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Bibi kalenda ya kazi zake zote ni mwezi. Kuna siku za pwani na kuna siku za uani, maji mafu anakaa anasuka, bamvua anateremka. Pale mchangani kukawa na mawe yamepangwa duara, duara, duara, na mie ningepita zangu nkadhani ni mawe tu. Kila duara lina mwenyewe. Ndani ya kila moja kuna shimo la makumbi.

Tumefukua shimo moja ambalo lilifukiwa na wanafunzi waliotutangulia, miezi sita nyuma. Harufu ile siwezi kuisema vizuri, kama mayai viza na tope la mikoko, inashika hadi kwenye nywele. Makumbi yametoka meusi, malaini, ukibonyeza kidole kinazama. Bibi akatueleza, kumbi likiwa bichi zile nyuzi zimegandana na ule ungaunga wa kati, ukilipiga vikavu unavunja nyuzi. Maji ya chumvi yakiingia na kutoka kila siku kwa miezi, ule unga unaoza unaachia, nyuzi hazifanywi kitu. Ukiwahi unapata shida ya kupiga, ukichelewa sana nyuzi zinadhoofu.

Halafu kupiga. Gogo la mkoko, gongo fupi, kumbi unalishika kwa mkono wa kushoto unaligeuza kila pigo. Unga mweusi unaruka usoni. Unasuuza kwenye dimbwi, unapiga tena, unasuuza, na ghafla mkononi una kitu kingine kabisa, usumba mrefu rangi ya dhahabu iliyopauka, safi. Nimelishika lile fungu la kwanza nkalitazama muda, nkakumbuka moshi nyuma ya banda letu. Miaka mingapi tumechoma hiki.

Kabla maji hayajarudi tukalijaza shimo kwa makumbi yetu ya jana, tukafukia, tukapanga mawe juu ili mawimbi yasiyachukue. Hivyo ndo anavyofanya kwa kila kundi, wewe unapiga ya waliotangulia, unawafukilia watakaokuja. Wakati tunapanda kurudi nkamuuliza Bibi pale juzi usiku kwa nini aliniuliza habari ya pwani. Akasimama akapumua. "Mwanangu, shamba lako ni nusu. Bibi yako alikuwa na mnazi na pwani. Weye una mnazi peke yake."

Siku ya nne, Jumanne

Usumba umekauka, leo kamba. Mikono inauma, nitaandika moja tu la maana.

Unachukua vifungu viwili vya usumba, unavisokota vyote kwa pamoja baina ya viganja kuelekea upande mmoja, halafu unaviachia vijizungushe wenyewe kwa upande wa pili. Ule ubishi baina ya pande mbili ndo unaoishikilia kamba, bila huo ni nyuzi tu zimelala pamoja. Nikawa nasokota vizuri lakini kamba yangu inakatika kila baada ya dhiraa moja na sijui kwa nini. Bibi akaja akaivuta pale ilipokatika akanionesha, nilikuwa naongeza usumba mpya kwenye vifungu vyote viwili mahali pamoja, yani maungio yote mawili yamekaa sehemu moja, lazima pakatike. Ongeza kwenye kifungu cha kulia, sokota shibri mbili, ndo uongeze cha kushoto. Na ongeza kabla hakijawa chembamba, usingoje uone kinakwisha. Toka hapo haijakatika tena. Mpaka magharibi nina pima tatu, nimeivuta na kijana wa Wete, yeye upande ule mie upande huu, ikakaa.

Kamba ya usumba haizami na chumvi haiiozeshi haraka, ndo mana mitepe, vile vyombo vya baharini vya zamani, ilikuwa ikishonwa kwa kamba hizi bila msumari hata mmoja. Waliowahi kuingia Beit al-Ajaib, lile jumba la makumbusho la Forodhani, kabla ya sehemu yake kuporomoka Desemba 2020 wanaukumbuka mtepe uliokuwa mle ndani. Mie niliuona nikiwa skuli na nlichokumbuka ni ukubwa wake tu, sikuwahi kufikiria kuna watu walikaa wakaisokota kamba yote ile kwa viganja.

Ule unga uliobaki pwani tumebeba ndoo mbili. Mvua ikiupiga chumvi ikatoka, unachanganywa na udongo wa miche ya tungule, unashika maji.

Siku ya tano, Jumatano

Mvua ya vuli toka alfajiri, tumekaa barazani kutwa. Ukili.

Watu wanadhani kazi ya mkeka ni kusuka. Miyaa inakatwa ikiwa changa kabla jani halijafunguka, inaanikwa juani na umandeni mpaka inapauka, inachanwa, ile ya rangi inachemshwa kwenye sufuria, inaanikwa tena, na wakati wa kusuka unailowesha kidogo, ikiwa kavu inavunjika ikiwa rojo ukili unalegea baadae ukishakauka. Bibi alikuwa na chane tayari kwenye pakacha, kazi ya wiki mbili nyuma. Tulichofanya sie ni mwisho tu.

Sikuwa hodari leo. Ukili wangu wa chane tisa umeanza vidole vitatu, ukafika vidole viwili, ukarudi vitatu na nusu, mana nilikuwa nakaza nkisikiliza mazungumzo na nalegeza nkitazama mvua. Mkwe wa Bibi, ambaye ndo anayefundisha hasa ukili, akaufumua mpaka pale pa mwanzo pasipo na kosa akanirudishia. Akaufumua mara ya pili. Mara ya tatu akauacha. Anasuka huku anamnyonyesha mtoto na hatazami mkono kabisa, vidole vinakwenda vyenyewe.

Nimemuuliza msala unakula ukili kiasi gani, tukaupima ule wa kwake anaoswalia, wa umbo la yai, ulioanzia katikati ukazungushwa na kushonwa kwa shazia. Pima saba za ukili wa vidole vitatu. Na yeye kwa siku anayoshughulika na mengine ya nyumba anapata pima moja, moja na nusu. Hesabu fanya mwenyewe, hapo miyaa hujaikata, hujaipika rangi, hujashona. Mie nimewahi kusimama Darajani nkavutana na mama wa watu kwenye bei ya msala mpaka akachoka akaniachia. Nilimkumbuka leo sura yake.

Usiku jirani wameleta karafuu, tukakaa wote kwenye jamvi kuchambua, unaishika kishada unasugua kwenye kiganja, karafuu huku makonyo huku. Makonyo hayatupwi, yanakwenda kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta. Na karafuu Bibi anazianika kwenye majamvi aliyoyasuka mwenyewe, sakafuni hazigusi, lami ndo usimtajie kabisa, zinashika vumbi na harufu ya mafuta ya gari. Watoto walilala hapohapo juu ya jamvi kwenye karafuu.

Siku ya sita, Alkhamis

Sabuni. Hii nitaiandika kwa vipimo mana wengi mtaitaka. Mafuta ya nazi kilo moja, kostiki soda gramu 175, maji gramu 350, vyote kwa mzani, si kwa kikombe. Soda inatiwa kwenye maji taratibu, kamwe maji yasimiminwe juu ya soda, yanaruka. Glavu, miwani, mlango wazi, watoto mbali, na sufuria isiwe ya alumini mana soda inaila. Maji yanapata moto yenyewe, ngoja yapoe yawe vuguvugu kama mafuta, changanya ukoroge mpaka iwe nzito kama uji wa ngano, mimina kwenye boksi lenye karatasi. Kesho yake unakata, halafu unaziacha zikauke wiki nne kabla ya kuzitumia. Zetu tumetia unga wa mwani mkavu. Sabuni ya nazi inatoa povu hata kwa maji ya chumvichumvi, na wenye visima karibu na pwani wanajua hiyo ni neema gani.

Sufuria ya pili imeharibika. Mwenzetu mmoja alitaka inukie, akatia mafuta ya karafuu kwa kumimina, na haikufika dakika moja ikaganda palepale sufuriani, mwiko umesimama katikati. Mafuta ya karafuu yanaigandisha sabuni haraka sana, ukitaka harufu hiyo tia matone machache mwisho kabisa na boksi liwe tayari pembeni. Alilia, mana yale mafuta ya nazi ndo yaleyale tuliyoyakuna kwa mikono yetu. Bibi akamkalisha, wakaikwangua ile sabuni vipande vipande kwa upawa wakaiminya kwa mikono yenye glavu ikawa madonge. "Itaosha vyombo hii, soda yake imekwenda sawa na mafuta, umbo tu."

Jioni tumejaza sufi kwenye mito. Nna msufi mmoja mie, kila mwaka sufi inapeperuka mpaka kwa jirani.

Siku ya saba, Ijumaa

Nimeondoka alfajiri kuwahi boti Mkoani. Bibi kanipa chane za miyaa fungu moja nizoeshe mikono, na akaniomba kitu kimoja, nikifika niulize majirani wazee, nisikurupuke kuchimba popote, pwani ina wenyewe. Nkamuuliza yale makumbi tuliyofukia Jumatatu nani atayapiga. "Atakayekuja mwezi wa nne." Nkambusu mkono.

Kwenye boti nkampigia kaka, nkamwambia yale makumbi nyuma ya banda asiyaguse na kiberiti. Akasema yako vilevile yanalowa mvua tu, kwani kuna nini.

Naongeza hii leo Jumapili, tushafika pwani ya Unguja Ukuu, mie na kaka, saa kumi na moja jioni. Maji mafu wiki hii, yametoka kidogo tu, tope lenyewe halijaonekana vizuri. Tulikwenda kwanza kwa mama mmoja mtu mzima anayeishi njia ya kuteremkia, nkamsalimia nkamwambia nataka kufukia makumbi lakini sitaki kuingilia mahali pa mtu. Akanitazama. "Si mjukuu wa fulani weye?" Nkasema ndiye. Akavaa kandambili akatupeleka mwenyewe, akapita mikandaa mitatu akasimama akaonesha kwa kidole ndani ya maji yanayofika magotini. "Shimo la bibi yenu lile. Hajachukua mtu."

Kaka akaingia na suruali yake. Akapapasa kwa mguu, akainama, akatoa jiwe moja limeota chaza, akalirudisha palepale. Akapapasa pembeni kuna jingine, na jingine, akazunguka nayo mpaka akarudi alipoanzia.

Bamvua linarudi baada ya siku nane. Minazi saba mkwezi anaiangua kesho.